Kusikiliza Injini Mlandege: Upotevu wa Nguvu katika Magari ya Kabureta kama Chanzo cha Historia ya Mji wa Unguja

Ikisiri

Insha hii inalichukua swali dogo la kifundi na kulichunguza kwa macho ya mwanahistoria: kwa nini gari la zamani lenye kabureta hupoteza nguvu pale dereva anapokanyaga mafuta ili kuongeza mwendo? Mtaa wa Mlandege, ulioko upande wa Ng'ambo wa Mji wa Zanzibar, ndio mahali pa kusimamia uchunguzi. Hoja kuu ni kwamba sababu ambazo fundi huzipitia moja baada ya nyingine anapotafuta hitilafu hiyo ziliingia kisiwani katika nyakati tofauti. Baadhi zilikuja na magari ya Kiingereza, nyingine zilitokana na uhaba wa vipuri, nyingine na soko huria la baada ya 1984, na nyingine na mabadiliko ya petroli yenyewe. Kwa hiyo utambuzi wa hitilafu unaweza kusomwa kama hifadhi ya nyaraka, na fundi anayeujua anastahili kuhesabiwa miongoni mwa watunzaji wa historia ya mji.

1.0 Utangulizi

Historia ya usafiri katika Zanzibar imeandikwa zaidi kwa jicho la bahari. Majahazi, pepo za msimu, bandari na meli za mvuke vimepata wanahistoria wengi. Gari limepata nafasi ndogo, na pale linapotajwa hutajwa kama bidhaa iliyoingizwa au kama alama ya hadhi ya mwenye nalo. Mara chache gari hutazamwa likiwa bovu. Lakini maisha ya gari katika kisiwa kisichounda magari ni maisha ya matengenezo. Linaingia mara moja. Hutengenezwa mara nyingi.

Kazi ya Joshua Grace, African Motors, iliyotoka mwaka 2021, imesaidia kuisogeza mbele mada hii kwa upande wa Tanzania Bara. Grace anawachukulia mafundi kama waundaji wa maarifa, na anazipa uzito gereji zisizo rasmi ambazo wenyeji huziita gereji bubu. Insha hii inafuata njia hiyo, ila inapunguza upeo. Inachukua hitilafu moja tu, ile ya gari kukosa nguvu wakati wa kuongeza mwendo, na kuuliza hitilafu hiyo inaweza kutueleza nini kuhusu mji ambamo ilitafutwa na kutibiwa.

Hitilafu hii imechaguliwa kwa sababu ina sifa inayomfaa mwanahistoria: haina sababu moja. Gari lisilowaka kabisa mara nyingi huwa na jambo moja kubwa lililokatika. Gari linalowaka, likanguruma vizuri likiwa limesimama, kisha likasita au kulegea linapotakiwa kukimbia, linaweza kuwa na ugonjwa katika petroli, hewa, moto wa plagi, mgandamizo wa injini, au hata katika klachi na breki. Fundi hawezi kubahatisha. Analazimika kuuliza, na swali lake la kwanza ni lile lile la mwanahistoria: lini?

2.0 Mahali: ng'ambo ya hori

Mlandege ni mtaa wa biashara ulioko karibu na Darajani. Majina yenyewe ya eneo hili yanasimulia. Darajani palikuwa na daraja, kwa kuwa kati ya Mji Mkongwe na upande wa mashariki palikuwa na hori, mkono wa bahari ulioingia na kutoka na maji. Waliokaa upande wa pili waliitwa watu wa Ng'ambo. Katika karne ya 20 hori lilifukiwa kidogo kidogo, na juu yake ikapita Creek Road, ambayo leo ni Barabara ya Benjamin Mkapa. Daraja likatoweka, jina likabaki.

Kwa historia ya gari, mpaka huo una maana ya kimwili. Vichochoro vya Mji Mkongwe vilijengwa kwa ajili ya mtu, punda na mkokoteni wa kusukuma. Vingi havimpitishi dereva wa gari hata akikunja vioo. Gari lilifika ukingoni mwa mji wa mawe na kusimama. Kupakia, kushusha, kusubiri abiria na kutengeneza kulihitaji uwanja, na uwanja ulikuwa ng'ambo. Baada ya Mapinduzi ya 1964, ramani ya mji iliyoandaliwa mwaka 1968 kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki iliikata Ng'ambo kwa barabara pana zinazokutana Michenzani, na majengo marefu ya ghorofa yakaanza kusimama kandokando yake. Nyumba nyingi za udongo ziliondolewa. Mlandege ikajikuta kati ya soko la zamani na barabara mpya.

Jiografia ya kisiwa nayo inaingia katika utambuzi. Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi, na sehemu yake kubwa ni tambarare. Hata ukingo wa Masingini, ulio miongoni mwa sehemu zake za juu kabisa, unazidi kidogo tu mita 100 juu ya usawa wa bahari. Hili linamwondolea fundi wa Unguja sababu moja inayomsumbua mwenzake wa Nairobi, mji ulioko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Huko juu hewa ni nyepesi, na kabureta iliyopimwa kwa ajili ya pwani humimina petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Gari hulegea bila kuwa na ubovu wowote. Unguja hewa ni nzito. Kwa upande mwingine, fundi wa Unguja ana mgeni ambaye yule wa bara hamjui sana: chumvi. Upepo wa bahari hula ncha za nyaya, hutia kutu ndani ya matangi, na unyevunyevu wa masika hujikusanya ndani ya kifuniko cha distribyuta hadi moto wa plagi ukapotea njia. Kwa hiyo, hata kabla hatujafika kwenye siasa na uchumi, orodha ya sababu imekwisha kuandikwa upya na mahali.

3.0 Namna kabureta inavyosaliti

Ili hoja ieleweke, ni lazima kueleza kwa ufupi kazi ya kabureta. Injini ya petroli huvuta hewa. Hewa hiyo hupita katika koo jembamba la kabureta, na kwa kuwa njia imebana, huongeza kasi na kupunguza kani yake. Upungufu huo wa kani huivuta petroli kutoka katika bakuli dogo kupitia kitundu kilichopimwa, yaani jeti, nayo huchanganyika na hewa kwa umbo la ukungu. Mchanganyiko unaoungua kikamilifu ni sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli kwa uzito. Injini inapodaiwa nguvu nyingi huhitaji petroli zaidi kidogo, sehemu 12 au 13 za hewa kwa moja.

Udhaifu wa chombo hiki uko katika mabadiliko ya ghafla. Dereva anapokanyaga mafuta, kilango cha hewa hufunguka mara moja na hewa, ambayo ni nyepesi, hukimbilia ndani. Petroli ni nzito, huchelewa. Kwa sekunde moja au mbili injini hupata hewa tupu, na gari husita kana kwamba limeshikwa nyuma. Waundaji wa kabureta walilijua jambo hili, na kila mmoja alilitafutia dawa yake. Kwa hiyo fundi anapojaribu kujua kwa nini gari husita, kwa kweli anachunguza kama dawa ile ya kiwandani bado inafanya kazi.

Hapa ndipo swali la lini linapopata nguvu. Ikiwa gari husita papo hapo mguu unaposhuka, kisha likazinduka, shaka huelekezwa kwenye pampu ndogo ya kuongezea petroli au kwenye taimingi ya moto. Ikiwa gari huondoka vizuri lakini hulegea baada ya muda likiwa katika mwendo au chini ya mzigo, shaka huhamia kwenye njia ya petroli: bakuli la kabureta hutumika kuliko linavyojazwa, kwa sababu ya chujio lililoziba, pampu ya mafuta iliyochoka, au tangi lisilopumua. Ikiwa hulegea jua likiwa kali na kupona baada ya kupumzishwa, huenda petroli imegeuka mvuke ndani ya bomba. Kitambaa kibichi kikiwekwa juu ya pampu hutoa jibu. Na ikiwa injini hulia kwa kasi lakini gari haliongezi mwendo, hitilafu haiko kwenye injini, klachi inateleza.

Utaratibu huu haudai mtambo wa gharama. Unadai kumsikiliza dereva na kumwamini kwa kiasi, kisha kujaribu. Kifuniko cha tangi kikifunguliwa na hewa ikavuma kuingia, tundu la kupumulia limeziba. Plagi ikitolewa ikiwa nyeusi kwa masizi, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi. Ikiwa na rangi ya kahawia, mchanganyiko uko sawa. Mafuta kidogo ya injini yakitiwa ndani ya silinda na mgandamizo ukapanda, ringi za pistoni zimekwisha. Usipopanda, shaka hubaki kwa valvu. Kila jaribio limepangwa ili lifute sababu moja na kubakisha nyingine.

4.0 Tabaka la kwanza: magari ya Kiingereza

Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, na ilipata uhuru tarehe 10 Disemba 1963. Usafiri wa mashine katika nchi kavu ulianza na reli: njia ya takriban maili 7 iliyounganisha mji na Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani na kuanza kubeba abiria mwaka 1905. Maisha yake yalikuwa mafupi. Katika miaka ya 1920 abiria walihamia kwenye magari, na njia za shamba zikawa za lori na basi zenye mabodi ya mbao.

Magari ya wakati huo yalifuata njia za biashara za dola. Morris, Austin, Bedford na Land Rover yalikuja na kabureta za Kiingereza, na kabureta hizo hazikuwa za namna moja. Ile ya SU, iliyobuniwa mwanzoni mwa karne ya 20 na kutumika katika magari mengi ya Morris, likiwamo Morris Minor lililoanza kuuzwa mwaka 1948, haina pampu ya kuongezea petroli. Badala yake ina pistoni inayopanda na kushuka kwa mvuto wa hewa. Ndani ya shina la pistoni hiyo hutiwa mafuta mepesi. Dereva anapokanyaga kwa ghafla, mafuta hayo huizuia pistoni isiruke, mvuto huongezeka juu ya jeti, na petroli ya ziada hutoka.

Kijiko kimoja cha mafuta, basi, ndicho kilichotenganisha gari lenye nguvu na gari linalosita. Yakikauka, Morris Minor liliweza kuwa na injini nzima, plagi mpya na petroli safi, na bado likasita kila linapoondoka. Yakitiwa mazito kupita kiasi, pistoni ilichelewa kupanda na gari likawa zito kwa namna nyingine. Fundi aliyejifunza kazi kwa magari hayo alianza kwa kufungua kifuniko cha juu cha kabureta na kutazama. Huyu alikuwa na mazoea yasiyokuwa na maana kwa gari la Kijapani lililokuja baadaye, kama vile msahihishaji wa hati za Kiarabu anavyokuwa na mazoea ambayo mwenye kusoma hati za Kilatini hayahitaji. Mazoea ya mkono ni alama ya enzi.

5.0 Tabaka la pili: uhaba kama mwalimu

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 na Muungano wa tarehe 26 Aprili mwaka huo yaliibadilisha biashara ya nje ya visiwa. Uagizaji wa bidhaa uliwekwa mikononi mwa Serikali, na mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 bidhaa nyingi za kutoka nje ziliadimika. Bei ya mafuta duniani ilipopanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979, na vita vya Uganda vya 1978 na 1979 vilipotafuna akiba ya fedha za kigeni za Tanzania nzima, hali ilizidi kubana. Karafuu, iliyokuwa tegemeo la Zanzibar kwa fedha hizo, nayo ilishuka bei katika miaka ya 1980. Kabureta mpya ya Zenith au SU haikuwa jambo la kwenda dukani na kurudi nalo.

Athari ya hali hii kwa utambuzi wa hitilafu inastahili kuelezwa kwa uangalifu, kwa sababu hapa ndipo kiini cha hoja kilipo. Kuna njia mbili za kujua kipuri gani kimeharibika. Ya kwanza ni kuweka kipya na kutazama kama gari limepona. Ya pili ni kutoa hoja: kufuta sababu moja baada ya nyingine mpaka ibaki moja. Njia ya kwanza ni ya haraka, lakini inahitaji kipuri kiwepo na kiwe na bei inayostahimilika. Pale kipuri kinapokuwa adimu, ni njia ya pili tu inayobaki wazi. Uhaba uliifanya hoja kuwa ya lazima. Fundi aliyekuwa na koili moja tu ya kuazima hakuweza kuitumia kama kipimo kwa kila gari; ilimbidi kwanza awe na sababu ya kuishuku koili.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuusifu uhaba. Uliacha majeraha ndani ya mashine, na majeraha hayo nayo yakawa sababu mpya za upotevu wa nguvu. Jeti ni kitundu kilichotobolewa katika shaba kwa kipimo cha sehemu za milimita. Ikiziba kwa kutu ya tangi, dawa yake ni kuipuliza kwa hewa. Ikichokolewa kwa waya wa chuma, huzibuka, lakini pia hupanuka, na kuanzia siku hiyo gari hunywa petroli zaidi, hutoa moshi mweusi na kulegea. Dayafram ya pampu iliyochanika inaweza kukatwa upya kutoka kwenye tyubu ya gurudumu. Lakini mpira huo huvimba ukikaa ndani ya petroli, na baada ya muda pampu hupunguza msukumo. Kontakti za distribyuta zilizolika zinaweza kusuguliwa kwa msasa, kila mara zikipoteza chuma kidogo, mpaka nafasi yake, ambayo kwa magari mengi hukaribia milimita 0.4, ishindwe kushika kipimo na taimingi ikavurugika.

Kwa hiyo gari lililoishi miaka ile lilipofika mbele ya fundi wa kizazi kilichofuata, lilibeba ndani yake matengenezo yote yaliyotangulia. Jeti iliyopanuka ni ushahidi wa siku ambayo hapakuwa na jeti nyingine. Mwanahistoria anayetafuta kumbukumbu za uhaba katika hotuba na taarifa za bajeti atazipata huko. Lakini pia zimo katika shaba.

6.0 Tabaka la tatu: ruksa na wingi

Mwaka 1984 Ali Hassan Mwinyi alishika urais wa Zanzibar baada ya Aboud Jumbe kujiuzulu, na milango ya biashara ya binafsi ikaanza kufunguliwa visiwani kabla ya Bara. Bidhaa kutoka Dubai zilijaa katika maduka ya Unguja, na watu wa Bara walivuka bahari kuja kununua. Mwinyi alipokuwa Rais wa Muungano mwaka 1985, watu walimpa jina la Mzee Ruksa. Katika miaka iliyofuata magari yaliyokwisha kutumika Japani yalianza kuchukua nafasi ya yale ya Kiingereza, na pamoja nayo yakaja mafungu ya vipuri vilivyotumika: kabureta nzima, distribyuta nzima, hata injini nzima.

Kabureta ya Toyota ya wakati huo, iliyoundwa na kampuni ya Aisan, ina pampu ya kuongezea petroli inayosukumwa na mguu wa dereva, na mara nyingi ina koo mbili, la pili likifunguka pale mzigo unapoongezeka. Hitilafu zake ni nyingine. Mpira wa pampu hukauka. Koo la pili hushindwa kufunguka. Mabomba membamba ya mpira yanayobeba mvuto wa hewa hupasuka kwa joto na kuingiza hewa isiyopimwa. Fundi aliyezoea kutazama mafuta ya SU alipaswa kujifunza jaribio jipya: kuzima injini, kuchungulia ndani ya koo, kuvuta kamba ya mafuta kwa mkono na kutazama kama petroli inaruka. Isiporuka, jibu limepatikana.

Lakini mabadiliko makubwa hayakuwa ya mashine. Yalikuwa ya bei. Kabureta iliyotumika ilipoweza kununuliwa kwa fedha ambayo mwenye gari la kubebea abiria angeweza kuikusanya, njia ya kubadilisha ikawa na mvuto wake. Saa nne za kufuta sababu moja moja zinamgharimu dereva mapato ya nusu siku. Kubadilisha kabureta nzima kunachukua saa moja. Hapo hoja ya fundi ilianza kushindana na saa, na haikushinda kila mara. Wala si lazima tuyaone haya kama kuporomoka kwa ufundi. Ni uamuzi wenye mantiki chini ya bei mpya. Kinachopaswa kuandikwa ni gharama yake: kubadilisha kabureta hakumwambii mtu kwamba tangi lina kutu, na kabureta ya pili huziba kama ya kwanza. Dereva hulipa mara mbili, na kosa halijulikani.

7.0 Petroli yenyewe ina historia

Mpaka hapa petroli imechukuliwa kana kwamba haibadiliki. Haikuwa hivyo. Mwaka 1921 Thomas Midgley, akifanya kazi kwa General Motors huko Marekani, aligundua kwamba kiwango kidogo cha risasi katika petroli huzuia injini kugonga. Risasi hiyo ilikuwa sumu kwa binadamu, hasa watoto, lakini pia ilifanya kazi ya pili: iliacha utando mwembamba juu ya siti za valvu za ekzosi na kuzilinda zisilike. Injini nyingi za kabla ya miaka ya 1970 ziliundwa zikitegemea kinga hiyo.

Nchi za Afrika Kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa risasi, na mwanzoni mwa mwaka 2006 ikawa imeondolewa katika eneo hilo. Ulikuwa ushindi wa afya ya umma usio na shaka. Kwa gari la zamani ulileta ugonjwa mpya wa polepole. Siti laini za chuma huliwa, valvu huzama ndani yake, nafasi kati ya valvu na mkono unaoisukuma hupungua mpaka valvu isifunge barabara. Mgandamizo hupotea, na nguvu pamoja nao. Mwenye gari hulalamika kwamba kabureta imechoka. Kabureta haina kosa. Fundi asiyejua kilichotokea mwaka 2006 anaweza kuisafisha mara kumi.

Jambo la pili ni uchakachuaji. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo kuliko petroli, jambo lililowashawishi baadhi ya wafanyabiashara kuyachanganya. Kwa upande wa Bara, Mamlaka ya EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na bajeti ya 2011/12 ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa kishawishi hicho. Zanzibar, ambayo ina sheria zake katika sekta hii, ilianzisha mamlaka yake ya udhibiti, ZURA, kwa sheria ya mwaka 2013. Kwa upande wa ufundi, athari ya mchanganyiko huo ni mnyororo. Mafuta ya taa hushusha uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo. Injini hugonga gari likiongeza mwendo. Fundi huchelewesha taimingi ili kugonga kukome. Kugonga kunakoma, lakini nguvu inapungua. Anayekuja baada yake hukuta taimingi iliyochelewa na kuiona kosa, bila kujua kwamba ilikuwa dawa. Tone la petroli juu ya karatasi lingemwonesha: petroli safi hukauka, mafuta ya taa huacha doa.

Mfano huu unaonesha kwa nini swali la lini halitoshi peke yake. Ni lazima liongezewe: nani aligusa kabla yangu, na kwa sababu gani? Hilo nalo ni swali ambalo kila msomaji wa nyaraka analijua.

8.0 Lugha ya gereji

Maarifa haya yamekaa katika lugha. Mwaka 1928 kikao cha Mombasa kilichagua Kiunguja, lugha ya mji huu, kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na kamati ya kusimamia lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Hata hivyo maneno ya gereji hayakusubiri kamati. Kabureta, plagi, koili, kondensa, gasketi na klachi yaliingia kwa masikio ya watu waliokuwa na spana mikononi, yakapewa irabu za mwisho na kuingizwa katika ngeli bila taabu. Pamoja nayo yakaendelea kutumika maneno ya mwili: gari linakohoa, linasita, linakosa pumzi, limechoka, linakunywa. Haya si mapambo. Kukohoa ni tofauti na kusita, na kusita ni tofauti na kulegea. Kila neno humwelekeza fundi upande wake. Dereva anayesema gari linakohoa amekwisha kupunguza nusu ya kazi.

Jina la gereji bubu, basi, lina kejeli ndani yake. Gereji hiyo huitwa bubu kwa sababu haina kibao wala cheti. Lakini ndani yake watu wanasema mchana kutwa, na mengi wanayoyasema hayajapata kamusi.

9.0 Hitimisho

Insha hii imejaribu kuonesha kwamba sababu za gari la kabureta kukosa nguvu zinaweza kupangwa kama tabaka za ardhi. Chini kabisa kuna bahari na unyevunyevu wake. Juu yake kuna kijiko cha mafuta ndani ya kabureta ya Kiingereza. Juu ya hicho jeti iliyochokolewa na dayafram iliyokatwa kwenye tyubu. Kisha kabureta iliyotumika iliyopitia Dubai. Na juu kabisa valvu iliyozama kwa kukosa risasi na taimingi iliyocheleweshwa na uchakachuaji. Fundi anayepita tabaka hizo kwa mpangilio anasoma karne moja ya historia ya mji, ingawa anachotaka ni gari liondoke.

Mambo mawili yanafuata. La kwanza ni la kimbinu: mwanahistoria wa Zanzibar anaweza kuvitumia vipuri vilivyotumika na mazoea ya matengenezo kama vyanzo, kwa masharti yale yale ya uhakiki anayoyaweka kwa barua na daftari. La pili ni la dharura. Mji Mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na kila mlango wake wa nakshi una mtu wa kuutetea. Magari yanayoingia sasa yana injini zinazopimiwa petroli na kompyuta, na hitilafu zake husomwa kwenye kioo kwa namba. Magari ya kabureta yanapungua, na waliojifunza kuyasikiliza wanazeeka. Maneno yao, majaribio yao na mpangilio wa maswali yao vinaweza kurekodiwa kwa Kiswahili, katika mji ulioipa lugha hii msingi wake, kabla ya gari la mwisho kukokotwa. Kazi hiyo haihitaji zaidi ya daftari, muda, na mtafiti aliye tayari kuvuka Darajani na kukaa kimya karibu na injini inayonguruma.